Kiwiko cha Mama Elia

Simpendi Fundi, na sitajifanya nampenda kwa sababu tu amezeeka. Hapa Bagara mtu akishaota mvi watu huanza kumpaka mafuta: ukorofi wake unaitwa msimamo, kiburi chake kinaitwa kujua kazi, na ukimsema unaambiwa huna adabu. Mimi nimekaa naye mtaa mmoja zaidi ya miaka ishirini. Nimeimba naye kwaya moja, yeye besi na mimi alto, na kabati la jikoni alilonitengenezea limenikunja mgongo karibu miaka yote hiyo. Ninachokisema nakijua.

Karakana yake iko kwenye kona, jirani na kanisa letu, na mtu yeyote wa kwetu anayekwenda sokoni lazima aipite. Ukimwamkia shikamoo, hainui kichwa mpaka randa ifike mwisho wa ubao. Ndipo anapojibu marahaba, tena bila kukutazama, anautazama ubao. Mume wangu, Baba Neema, husema huo ni umakini wa kazi. Mimi husema ni dharau, na ubishi huo nyumbani kwetu haujaisha mpaka leo.

Neno lake kubwa lilikuwa "siungi". Kwa Fundi, ubao uliokatwa ukaungwa na mwenzake ni uongo unaosubiri kuumbuka. Meza yake ilikuwa na uso wa ubao mmoja, benchi lake la kanisani ubao mmoja toka mwanzo hadi mwisho, na akikosa ubao wa kutosha kazi ililala, mteja akalala nayo. Mwalimu mmoja jirani yetu aliagiza kitanda cha mtoto. Akasubiri, akasubiri, akachoka hata kuulizia. Siku kitanda kilipoletwa, mtoto alilala miguu ikatokeza nje. Mwalimu akalalamika, na nani asingelalamika? Fundi alikizunguka kile kitanda, akakigonga mbavuni, akasema, "Kitanda ni kizima. Mtoto ndiye aliyezidi." Akachukua kofia yake akaondoka, na mwalimu akabaki amekitumbulia macho kitanda kizuri kisicho na wa kukilalia.

Watu walikicheka kisa hicho miaka mingi. Mimi pia nilicheka, kwa kuwa kitanda hakikuwa changu.

Nisimnyime kilicho chake. Msiba ukitokea mtaani, Fundi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikwenda mwenyewe na futi yake ya utepe, akaingia chumbani kwa heshima, akapima taratibu kama anayeogopa kumwamsha mtu. Majeneza ya watoto hakuyatoza, na kitambaa cheupe cha ndani alikigongomea kwa mkono wake mwenyewe. Nilimwona akitoka kwenye nyumba moja kule Singe macho yamemwiva. Basi futi alikuwa nayo na kuitumia aliijua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Marehemu kila mmoja alipimwa kimo chake. Sisi wanawake wazima, tuliokuwa bado tunapika, alitupa kimo kimoja sote.

Maana utaratibu wake wa makabati ya jikoni ulikuwa huu. Ukiagiza, hakuja kwako kupima. Aligeuka kuelekea uani akaita, na mkewe, Mama Elia, akatokea mikono ina unga au majivu. Alimsimamisha kwenye nguzo ya karakana, akamwambia akunje mkono kama anayesonga ugali, akashuka kiganja kimoja chini ya kiwiko, akachora kwa penseli kwenye nguzo. Mstari huo ndio uliokuwa urefu wa kabati lako, uwe mrefu, uwe mfupi. Mama Elia akarudi uani. Sasa Mama Elia alikuwa mwanamke mfupi, mfupi hasa, kanisani akisimama mbele yako unaona madhabahu yote. Na mimi ni mtu wa milimani Mbulu. Kwetu wanawake tunainama kuingia milangoni.

Siku yangu ya kuagiza nilimwona Mama Elia akiitwa, nikaona kiwiko chake kikiwa chini kabisa ya changu, nikasema hapana. Nilimwambia Fundi kwamba jikoni nitasimama mimi, basi anipime mimi. Akaacha alichokuwa akifanya, jambo la nadra kwake.

"Nishike kiwiko cha mke wa mtu, kwa sababu gani?" aliniuliza. "Mwanamke ninayemjua anavyopika ni huyu mmoja."

Wanaume waliokuwa wamekaa karakanani wakaangua kicheko, na Baba Neema akiwa katikati yao. Ndiyo hivyo. Heshima yake kwa wake za watu ndiyo iliyonitia ulemavu.

Kabati lenyewe lilikuwa zuri, na uzuri wake ulinikera zaidi. Juu alilaza ubao mmoja wa mninga, mpana kama mlango, kutoka ukuta huu mpaka ukuta ule, bila kiungo. Katikati chini ya ubao aliacha nafasi wazi ya mtungi wa gesi na jiko la mkaa. Jiko langu dogo la gesi liliketi juu ya ubao. Wageni walikuwa wakiingia jikoni wanaupapasa ule ubao wakiguna kwa kuusifia. Mimi nilikuwa nimeinama juu yake nakatakata vitunguu, nikawaacha waendelee kuguna. Jumuiya ikikutana nyumba yoyote ya mtaa huu, wanawake huenda jikoni kumsaidia mwenyeji kuosha vyombo, na kila nyumba tuliinama vilevile. Tukitoka tulikuwa tumeshika viuno kama wajawazito wa mtaa mzima. Hospitali waliniambia nipunguze kuinama. Niliwauliza kama wao ndio watakaonipikia.

Mwaka juzi mwanangu Neema, anayefanya kazi Arusha, alichoka kunisikia nikilia mgongo kwenye simu. Akanitumia jiko la kisasa la kusimama, plate nne juu na oveni chini. Lilikuja na lori la mizigo, likashushwa mlangoni, na majirani wakatoka kulitazama. Nilikuwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu anaificha. Kwa mara ya kwanza ningepika nimenyooka, na mikate ya kuoka ningeoka mwenyewe.

Tukalisukuma jikoni kwenye ile nafasi ya katikati. Kwa upana lilikubali. Kwa urefu likagoma, likakita uso wake kwenye ubao wa mninga na kuzidi kwa kiganja kizima. Tukalirudisha sebuleni, likakaa pale likiwa bado na karatasi zake. Baba Neema akaweka redio juu yake. Mchungaji alipokuja kututembelea akaweka kikombe chake cha chai, akasema meza hii ni ya pekee.

Nikamwita Daudi, fundi kijana aliyejifunza kazi kwa Fundi, mwenye karakana yake sasa upande wa stendi. Akapima, akaniambia si kazi ngumu. Ubao ukatwe sehemu ya katikati ili jiko lipande juu, halafu miguu ya kabati iongezwe vipande, kabati lote liinuke lilingane na jiko. Nilitaka kumkumbatia. Nikamwuliza anaanza lini. Akakunja futi yake polepole.

"Mama, kukata naweza," alisema. "Ila hii ni kazi ya mzee, na mzee yupo. Siwezi kuishika."

Huo ndio mwiko wao. Mafundi wa mtaa huu karibu wote wamepita kwenye mikono ya Fundi, na kazi ya mwalimu haitiwi msumeno akiwa hai bila yeye kutoa ruhusa. Nikamwita mwingine, jibu likawa hilohilo. Wa tatu aliutambua ubao akiwa bado mlangoni, akaaga.

Ikabidi nimwite mwenyewe. Alikuja alipotaka, si nilipomwita. Alikuwa amezeeka kweli, anavuta miguu, lakini penseli ilikuwa palepale nyuma ya sikio. Jiko hakulitazama. Aliweka kiganja juu ya ubao wa mninga akakitembeza taratibu, na nilimwona usoni amelainika kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimlainikia binadamu aliye hai. Nikamweleza: kukata hapa, kuongeza miguu pale. Kukata na kuunga, yote mawili kwa pamoja. Ni kama nilimtukania mama yake.

"Kabati ni zima," alisema. "Jiko ndilo limezidi. Lirudishe."

Nilimwuliza kama na mgongo wangu nao umezidi, nao niurudishe Mbulu. Akasema, bila kupandisha sauti, kwamba ubao ule hautaguswa na msumeno yeye akiwa anapumua. Akatoka. Baba Neema akanishauri nimwache mzee wa watu, tusubiri. Tusubiri nini, nilimwuliza. Tulijua sote jibu lilikuwa nini. Nilikuwa nimefikia mahali pa kusubiri mtu afe ili nipike nimesimama wima, na nilimchukia Fundi kwa kunifikisha hapo.

Kesho yake mchana nilikwenda kwake nikiwa na hasira za kutosha nyumba mbili. Karakana ilikuwa imefungwa. Nikapita pembeni kuingia uani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba miaka yote hiyo sikuwahi kufika uani kwa Fundi. Watu wote aliwapokelea karakanani. Mama Elia tulimwona kanisani na sokoni, na pale kwenye nguzo.

Jiko lake lilikuwa kibanda cha mabanzi, yaani maganda ya magogo yaliyobaki kazini. Ndani kulikuwa na mafiga matatu, moshi, na ndoo. Vyombo vilikuwa juu ya gunia lililotandikwa chini, na sufuria zimefunikwa juu ya kreti la soda lililopinduliwa. Hapakuwa na kabati, rafu wala hata ubao mmoja wa kuwekea chumvi. Mama Elia alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejikunja anachambua mboga, na alipotaka kuinuka kunisalimia nilimzuia kwa sababu niliona jinsi kuinuka kulivyokuwa kazi.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu yamepangwa. Yakaniruka yote. Nikamwuliza, "Mama Elia, kabati lako liko wapi?"

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto.

"Ee, Mama Neema," alisema. "Mimi nilipimwa tu."

Aliendelea kuchambua mboga. Nilisimama pale machozi yananitoka, na yalikuwa ya hasira, si ya huruma. Nilifikiria majiko yote ya Bagara, na ya Singe, na ya huko Bonga alikopeleka kazi, yote yametengenezwa kwa kiwiko cha mwanamke huyu. Sisi wenye viwiko vyetu tulikuwa tunavunjika migongo juu ya kipimo chake, na mwenyewe alikuwa amechuchumaa kwenye moshi.

Fundi aliingia akitokea njia ya nyuma na kifurushi cha misumari. Nilimwamkia, maana adabu sikuiacha nyumbani. Kisha nikamwuliza mkewe amemkosea nini. Akasema nafasi haijapatikana, wateja wako wengi, na kila alipopata ubao mzuri kulikuwa na mtu ameagiza. Alisema angemtengenezea. Alisema hivyo kwa macho makavu kabisa, mbele ya yule mama mwenye nywele nyeupe tupu.

Hapo akili ikanirudi, na nikajua la kufanya.

"Hutaki ubao ukatwe," nilimwambia. "Sawa, usikatwe. Kabati lilete hapa. Ulitoe kwangu zima, ulisimamishe humu, liwe la mwenye kiwiko. Mimi nitapimiwa langu jipya."

Akafungua mdomo. Nikamwahi. Nilimwambia kwamba asipokuja mpaka Jumamosi, nitaleta mtu kutoka Bonga asiyemjua yeye wala mwiko wao, mwenye msumeno wa umeme, na akitaka apite nje asikie unavyolia. Alimtazama mkewe. Mama Elia hakuinua kichwa, lakini mikono ilikuwa imesimama juu ya mboga.

Ijumaa alikuja. Kabati lilijengewa ndani na mlangoni lisingepita, na nilijiandaa kumwona akishindwa. Hakushindwa. Alilifungua ubao kwa ubao, mlango kwa mlango, bila kupasua hata kibanzi, na ubao wa mninga aliupitisha dirishani akiwa ameushika mbele yeye mwenyewe, vijana wakiwa nyuma. Nilimchungulia kwa chuki na sikupata kosa. Hakuniaga.

Kesho yake Daudi alikuja, maana kazi ya mzee haikuwapo tena na mwiko ulikuwa umekwisha. Akanisimamisha ukutani kunipima. Aliona aibu, basi akamwomba Baba Neema ndiye ashike ncha ya futi kwenye kiwiko changu. Mume wangu alishika, uso ameugeuzia pembeni, na safari hii hakuna aliyecheka. Kabati jipya lilipokamilika, jiko likaingia kwenye nafasi yake kama droo inavyoingia. Nilisonga ugali siku hiyo mgongo umenyooka, natazama dirishani, naona Kwaraa nzima. Sikuwa nimewahi kuuona mlima huo kutoka jikoni kwangu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuinua kichwa humo.

Sikwenda kwa Fundi mapema. Kulikuwa na mavuno ya mbaazi, na isitoshe sikuwa na hamu ya kumwona. Kanisani aliimba besi yake nyuma yangu bila kunisalimia, nami nikaimba alto yangu bila kugeuka. Mbaazi zilipokwisha nikaoka mikate, nikafunga miwili kwenye kitambaa nikampelekea Mama Elia. Nilitaka kumwona amesimama kwenye kabati lake. Nakiri nilitaka pia Fundi awepo anione ninavyomtazama mkewe.

Kabati lilikuwa limesimama ndani ya kile kibanda, limefutwa, ubao wa mninga unang'aa kati ya kuta zenye masizi. Vyombo vilikuwa vimepangwa juu yake, na jiko dogo la gesi jipya lilikuwa limewekwa katikati, safi, halijawahi kuwashwa. Chini, pembeni mwa kabati, Mama Elia alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mafiga yake, anapuliza moto.

Damu ilinipanda. Nilimwuliza kama hata sasa anakatazwa. Fundi alikuwa amefika mlangoni nyuma yangu, akanisikia.

"Sijamkataza," alisema. "Hataki mwenyewe."

Mama Elia aliweka mkono mmoja kwenye goti, mwingine kwenye ukingo wa kabati, akajivuta juu kidogo kidogo mpaka akasimama kiasi anachoweza kusimama, akalisogelea. Kisha akakunja mkono kama anayesonga ugali, jinsi alivyokuwa akifanya pale kwenye nguzo. Kiwiko chake kiligonga ubavu wa ubao. Ubao ulikuwa umempita. Ili kufikia sufuria ingebidi ainue mkono kama mtoto anayechungulia mezani.

Nilikuwa nimemwona mwanamke huyu kila Jumapili na sikuwa nimetambua. Mgongo wake ulikuwa umekwenda. Miaka ya kigoda na mafiga ilikuwa imeuchukua mwaka baada ya mwaka, na kile kiwiko tulichojengewa majiko yetu hakikuwapo tena duniani.

Fundi alitazama kiwiko, akatazama ubao. Nilijua neno linalokuja, kwa sababu mtaa mzima unalijua.

"Kabati ni zima," alianza.

"Ni zima, Baba Elia," mkewe akasema. "Ni wewe umechelewa."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia chumvi imekwisha. Fundi hakumalizia. Halafu akaitoa penseli nyuma ya sikio, akamwendea mkewe, akamshika kiwiko, akashuka kiganja kimoja. Akapima ubao ulivyozidi hapo, akauchora urefu huohuo chini kwenye mguu wa kabati, na mstari haukunyooka. Akaenda karakanani, akarudi na msumeno, akapiga magoti kwenye majivu.

Nilikuwa nimengoja siku ya kumwona Fundi amepiga magoti. Nilidhani ningefurahi. Sikufurahi, na sikumhurumia pia. Nilizidi kumchukia, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa ya robo saa tu. Nikaweka mikate juu ya ubao, nikabaki nimesimama mpaka mguu wa mwisho ukakatika.

Mama Elia akaviokota vile vipande, akavisukumia mafigani, maana maji ya ugali yalikuwa bado hayajachemka.